Esteria Mwenye Kujulia Diski Hali

Watu wa redio tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuvumilia mlio ambao hatukuuagiza wenyewe. Jogoo akiwika karibu na dirisha la studio, tunamfukuza. Mvua ikipiga bati, tunaweka wimbo. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba nilichokifanya mwezi wa nane mwaka juzi kilikuwa na sababu, ingawa sababu yenyewe ilikuwa ya kijinga, na aliyenionyesha ujinga huo ni mwanamke wa Mishamo anayeitwa Esteria.

Mimi ni Kassiani, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika redio yetu ndogo hapa Majengo, Mpanda. Mdomo wangu ni mrefu na hasira zangu ni za karibu. Wote wanaonifahamu wanajua hivyo, kwa hiyo sina cha kuficha.

Kituo chetu kina kitu ambacho redio kubwa za Dar hazina. Kila Alhamisi tunamrekodi na kumrusha hewani mzee mmoja akizungumza kwa lugha ya kwao: Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, Kifipa, Kirundi cha Mishamo. Anaeleza alikozaliwa, alivyooa au kuolewa, mto gani ulihama njia, shamba la nani liliishia kwenye mti gani. Mazungumzo hayo yote yanakaa kwenye kompyuta kubwa, seva, iliyo katika chumba kidogo nyuma ya studio. Na mzee akifariki, tumejiwekea desturi. Familia inakuja na flashi, tunawapa sauti yake, nao wanaipiga siku ya kuanua matanga. Nimehudhuria matanga ya namna hiyo mara nyingi. Mtu aliyezikwa wiki kadhaa zilizopita anacheka kwenye spika, na wajukuu zake wanalia na kucheka kwa pamoja. Ukiniuliza redio yetu ina faida gani, nitakutajia hiyo kwanza, matangazo ya mbolea baadaye.

Basi, mwezi huo wa nane nilikuwa hewani, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nasoma salamu za wasikilizaji. Seva ikaanza kulia. Pii, pii, pii, bila kupumzika. Kati ya studio na kile chumba kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mlio ukaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Msikilizaji mmoja wa Karema akatuma ujumbe: "Kassi, mmeangua vifaranga?" Mwingine akaomba awekewe wawili wa kufuga. Nikacheka hewani, moyoni nawaka.

Fundi wetu Evarist alikuwa amehamia Mbeya mwezi mmoja kabla, na hatukuwa na mwingine. Nikaweka wimbo, nikampigia. Akanitajia maneno ya kuandika kwenye kompyuta, herufi kwa herufi, nikaandika, nikabonyeza. Kimya. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kabla hajakata simu Evarist akasema, "Kassi, huo mlio maana yake diski imekufa. Tafuteni mtu aje aangalie." Nikasema sawa. Wimbo ukaisha, nikarudi kwa wasikilizaji wangu, na lile neno likanitoka kichwani.

Hapana, niseme kweli. Halikunitoka. Lilinirudia mara mbili tatu, nami nikajiambia kwamba kama kweli kungekuwa na tatizo, seva isingekuwa inafanya kazi. Na ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Nyimbo zilicheza, matangazo yalitoka, sauti za wazee zilifunguka. Kulibaki kitaa kimoja cha rangi ya chungwa kikipepesa usoni mwa mashine, na meneja wetu, Mama Josephina, akakibandika plasta ya kidonda kwa sababu wageni walikuwa wanauliza.

Esteria aliajiriwa mwezi wa kumi na moja. Ni mtoto wa tano wa Mzee Yotham wa Mishamo, aliyesomesha watoto kwa kubeba mahindi na mihogo ya watu kwa baiskeli. Kila asubuhi, kabla ya kufunga gunia, mzee huyo aliipindua baiskeli miguu juu na kuzigonga spoku moja moja kwa msumari, akisikiliza. Macho yake yalipoanza kufifia, kazi hiyo akampa Esteria. "Spoku moja ikikatika, baiskeli inatembea bado," alimwambia, "na huo ndio ubaya wake." Maana zile za jirani zinabeba mzigo usio wao, na zinakatika ukiwa mbali na nyumbani. Msichana akatoka kwenye spoku akaingia kwenye redio za mbao, kutoka redio akaingia kwenye simu, akafungua meza ya ufundi hapa sokoni, akajisomesha cheti cha kompyuta kwa fedha za kubadilisha vioo vya simu. Mama Josephina alipomuuliza kwenye usaili anajua kutengeneza nini, alijibu, "Mimi nikikuta kitu kinafanya kazi, naanza na hicho."

Tulimwona ana majivuno. Mimi hasa.

Siku yake ya kwanza hakunywa hata chai. Aliingia chumba cha seva, akaitazama ile plasta, akaibandua. Akakaa kwenye kiti, akafungua lile dirisha jeusi la skrini ambalo Evarist alikuwa akilitumia, lisilo na picha wala vitufe, maandishi matupu. Nilisimama mlangoni na chapati yangu.

"Kaka Kassi, hii seva ina diski ngapi?"

"Moja," nikasema. "Kubwa."

"Nne."

"Mbona kompyuta inaonyesha moja?"

"Kwa sababu hizo nne zimekaa nyuma ya kadi, kibao kilicho ndani ya seva. Kadi inazikusanya, inaionyesha kompyuta kama moja. Ukiiuliza kompyuta itakwambia ni nzima. Haidanganyi, ndicho inachokiona. Inabidi uiulize kadi yenyewe."

Akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Skrini ikajaa majina na namba. Akaandika mwingine. Nikaona mabega yake yakitulia, kama mtu aliyesikia alichokuwa anakiogopa. Alikuwa amefungua kumbukumbu za kadi, maana kadi hiyo huandika kila kinachotokea, na saa yake.

"Diski ya pili imekufa," akasema. "Tarehe kumi na nne mwezi wa nane, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Miezi mitatu hii, diski tatu zinafanya kazi ya nne. Na dakika tisa baada ya kufa, mtu kaiambia kadi inyamaze." Akageuka. "Nani huwa kazini saa hizo?"

Nikaing'ata chapati yangu. "Sijui," nikasema. "Tunabadilishanabadilishana."

Mdomo huu huu mrefu, siku hiyo ulikuwa mfupi. Nilijichukia papo hapo, lakini sikurudisha neno langu. Esteria hakunibana. Alikuwa ameshageukia skrini, kwa sababu kulikuwa na jambo baya zaidi. Diski ya tatu ilikuwa hai lakini inaumwa. Kadi ilionyesha kwamba imeshindwa kusomeka vizuri mara thelathini na saba. Baada ya chakula cha mchana akauliza tena, ikawa arobaini na moja. Saa kumi jioni, hamsini na mbili. Aliandika namba hizo kwa kalamu kwenye kiganja chake.

"Hiyo ikifa nayo?" nikauliza.

"Hakuna cha kurudisha. Mbili zilizobaki peke yao hazina maana. Wazee wote mia nne na sita wanaondoka."

Mama Josephina aliitwa. Ni mama mwema, lakini ana imani kubwa na kitu alichokinunua kwa bei kubwa. "Mbona Evarist alisema hizo diski zinasaidiana?" akauliza. "Ndiyo maana hatukuweka nakala kwingine. Nyie mafundi kila mmoja na lake."

"Zinasaidiana kubeba, mama," Esteria akasema. "Hazibebi mara mbili. Nakala ni kitu kilichokaa sehemu nyingine."

"Basi weka diski mpya hapo penye iliyokufa, yaishe."

"Hata nikiipata leo nikaiweka, kadi itaanza kuijaza. Itazisoma zote tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa muda wa saa kumi na mbili hadi kumi na nne. Hii mgonjwa haitafika. Nataka nitoe sauti za wazee kwanza, taratibu, halafu ndipo tuifungue. Na nataka seva isiguswe na mtu. Isicheze wimbo, isicheze tangazo."

"Na redio?"

"Redio atazungumza kaka Kassi."

Ndivyo nilivyohukumiwa bila hakimu kujua kosa langu. Mama Josephina alivuta pumzi, akatazama kile kiganja chenye namba, akakubali kwa siku mbili tu.

Sasa, pa kuzihamishia hizo sauti palikuwa wapi? Diski mpya zilikuwa Dar, na basi lilihitaji siku zake. Kompyuta zetu ndogo zilikuwa zimejaa. Esteria alikaa kidogo kwenye ngazi, kisha akasimama, akasema, "Twende kwa Salima."

Salima ana kibanda sokoni cha kuingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu. Hapa mjini vibanda hivyo vina diski kubwa kuliko ofisi nyingi, na hakuna anayefikiria hivyo kwa sababu vimejaa filamu za Kikorea zilizotafsiriwa. Alikuwa rafiki wa Esteria tangu enzi za meza ya ufundi. Alisikiliza, mikono kiunoni.

"Nifute filamu zangu? Esta, hizo ndizo zinanilisha!"

"Utazipata tena kwa wenzio. Hawa siwapati tena."

"Kina nani?"

Esteria akamwambia kwamba bibi yake Salima mwenyewe, aliyerekodiwa miaka minne iliyopita akielezea walivyokuwa wakipika chumvi, yumo. Salima aliinama, akachomoa diski kubwa yenye waya, akaifuta mbele yetu, wateja wawili wakilalamika kwamba sehemu ya mwisho hawajaiona.

Siku mbili zile sitazisahau. Mimi nilizungumza hewani tangu asubuhi hadi jioni, nikicheza nyimbo kutoka kwenye simu yangu, nikisoma vifungashio vya dawa za mifugo nilipoishiwa maneno. Upande wa pili wa mbao Esteria alikuwa akihamisha sauti za wazee. Hakuzihamisha zote kwa mkupuo. Alihamisha kumi, akaiuliza kadi hali ya diski ya tatu, akaangalia joto, akasubiri lishuke, akahamisha kumi nyingine. Aliazima feni ya kanisani akaielekeza kwenye mashine, yeye mwenyewe jasho likimtiririka. Siku ya kwanza namba ya makosa ya diski ile ilifika mia moja na nane. Siku ya pili asubuhi, mia mbili kumi.

Saa tano umeme ukakatika. Betri ya seva ilikuwa na dakika kumi na tano, na diski mgonjwa ikizimika huenda isiamke tena. Jenereta letu lina tabia ya kukataa kuwaka mbele ya watu. Nilitoka studio mbio, redio ikabaki kimya, nikamkuta Esteria ameshavuta kamba mara sita na kiganja kimechubuka, namba zimechanganyika na damu. "Toka," nikamwambia. "Wewe rudi kwa wagonjwa wako." Nikavuta, nikalitukana lile jenereta kwa Kifipa matusi ambayo mama yangu hakunifundisha, likawaka.

Hapo nikasema. Nilikuwa nahema, na labda bila kuhema nisingesema. "Esta, aliyeizima ile kengele ni mimi. Na Evarist aliniambia maana yake."

"Najua," akasema. "Mtangazaji wa asubuhi ni mmoja." Akarudi ndani. Nilitamani anitukane. Ningejua pa kujibia.

Jioni ya siku ya pili alitoka na karatasi. Wazee mia tatu tisini na tano walikuwa wamefika salama kwenye diski ya Salima, na nakala nyingine kwenye kompyuta ya kibandani kwake. Kumi na mmoja walikataa kusomeka. Sauti zao zilikuwa zimekaa pale pale diski ya tatu ilipooza, na diski ambayo ingeweza kuziba hilo pengo ndiyo ile iliyokufa mwezi wa nane. Alijaribu kila mmoja mara tano, mara saba. Kisha, bila mimi kuuliza, akanipa jibu la swali nililokuwa naliogopa. "Mwezi wa nane hii ya tatu ilikuwa nzima. Kumbukumbu zinaonyesha. Ingebadilishwa ile ya pili wakati ule, tusingepoteza hata mmoja."

Mama Josephina alisoma karatasi, akaikunja. "Tutawaambia wenyewe mmoja mmoja wakija."

"Watakuja wakiwa na msiba, mama," Esteria akasema. "Ndiyo siku ya kuwaambia? Tuseme sasa, hewani, majina yote. Watu huko vijijini wanarekodi redio kwenye simu. Labda yupo aliye nayo."

"Unataka tujitangazie aibu?"

"Nataka tuwatafute."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nimeshawahi kubishana na wakuu wa kila aina, lakini ile hali ya kusimama tu mlangoni bila kutoka, sijaiona kwa mtu mwingine. Mama Josephina akaikunjua karatasi, akanipa mimi.

Asubuhi nikayasoma majina kumi na moja, kijiji kwa kijiji. Nikasema tumepoteza. Nikasema aliyezima kengele ni Kassiani huyu mnayemsikia, asilaumiwe mwingine. Ujumbe wa kwanza kuingia uliniita mpumbavu, nikausoma hewani, kwa sababu ulikuwa wa kweli.

Walianza kuja siku iliyofuata. Kijana wa bodaboda kutoka Mishamo alileta memori kadi iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Mwalimu mmoja alikuwa amerekodi ili awafundishe watoto wake Kipimbwe. Mfugaji wa Kisukuma, ambaye Kibende hakielewi hata neno, alikuwa nayo kwa sababu, alisema, sauti ya yule mzee ilikuwa inawatuliza ng'ombe wake jioni. Esteria alizipokea zote, zenye kukohoa, zenye mbuzi, zenye mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Kwa wiki tatu tukapata saba.

Diski mpya zilifika. Akazitoa zile mbili mbovu, akaanzisha upya ile safu ya diski nne, akawarudisha wazee nyumbani, na diski ya Salima akaibakiza sehemu nyingine kabisa, kwa paroko, Salima akapewa mpya. Kisha akaandika amri zake kwenye faili, ili kila asubuhi saa kumi na mbili seva iiulize kadi hali ya kila diski, na majibu yaje kwenye simu tatu: yake, ya Mama Josephina na yangu. Sio pale tu kunapokuwa na ubaya. Kila siku. Nikamuuliza kwa nini tusumbuliwe na habari njema. Akasema siku ujumbe usipokuja kabisa, hapo ndipo tukimbie.

Wanne hawakupatikana. Mmoja wao alikuwa Bibi Felista wa Magamba.

Binti yake, Dorice, alikuja mwezi wa pili, amejifunga kanga ya msiba. Mama alikuwa amefariki, na walibakiza siku chache kuanua matanga. Alikuwa na flashi mkononi, mpya, bado ipo kwenye karatasi yake. Wiki ile ya majina alikuwa shambani, hakusikia redio. Ningeweza kumwachia Mama Josephina amweleze. Esteria alinitazama tu, nikavuta kiti nikaketi mbele yake, nikamweleza mwenyewe yote, mpaka vifaranga, na Esteria akasimama pembeni yangu bila kuondoka.

Dorice aliizungusha ile flashi mikononi.

"Siku mlipomrusha mama hewani nilikuwa nasonga ugali," akasema. "Simu ilikuwa hapa hapa, kwenye kanga. Mume wangu akaniambia, rekodi. Nikamwambia ya nini, si ipo kwao?"